Tunachofichwa Hakiko Angani

Taa zilipita juu ya Makorora, hapa Tanga, zimefuatana kama shanga uzini. Hazikulia, hazikupepesa, na zilikwenda mwendo mmoja mpaka zikazama upande wa baharini. Tulikuwa barazani baada ya isha, muuza kahawa keshazungusha vikombe mara ya pili, na kila mtu alinyanyua uso. Fundi cherehani wetu akasema, "Hao, wameanza kujionyesha." Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli akamjibu bila ya kushusha macho: "Wapo siku zote, mwanangu. Wakubwa wanajua. Tunaofichwa ni sisi." Hapakuwa na aliyepinga. Mimi pia nilinyamaza, na nimejilaumu tangu usiku ule. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia mzee wangu, kwa heshima zake zote.

Taa zile ni satelaiti za Starlink. Tangu 2019 kampuni ya SpaceX huzirusha kwa makumi katika roketi moja, na siku za mwanzo, kabla hazijatawanyika, huonekana zimepanga foleni, kwa kuwa jua lililokwisha kutua kwetu huko juu bado linazimulika. Zipo tovuti zinazotaja hata saa zitakapopita kesho. Lakini hata ningelieleza hilo barazani, fundi angeniuliza: na zile nyingine je? Angekuwa na haki ya kuuliza, maana mjadala wenyewe si wa taa. Ni wa imani iliyokwisha kujijengea nyumba kwetu, vibarazani, kwa vinyozi, na katika simu za vijana wanaosikiliza simulizi za sauti nzito hadi usiku wa manane: kwamba viumbe wa sayari nyingine hutujia, kwamba serikali kubwa, Marekani ikiwa mbele, zinazo maiti zao na vyombo vyao, na kwamba hiyo ndiyo siri iliyo mama wa siri zote. Siku hizi imani hii haidaiwi ushahidi. Anayedaiwa ni anayeikataa.

Naikataa. Siikatai kwa kuwa nawaamini wakubwa. Mzee wangu ana jambo moja alilolishika barabara, nalo ni la msingi: serikali huficha. Amekosea pale anapodhani kwamba kinachofichwa lazima kiwe cha ajabu. Kila pazia lilipofunuliwa tumekuta vitu vya kibinadamu kabisa: madini, ndege ya upelelezi, mkataba, idadi ya waliokufa. Na hadithi ya wageni wa angani, iwe walioficha wameikusudia au hawakuikusudia, huwasaidia wao, kwani hutukalisha tukitazama juu huku mezani karatasi zinatiwa saini.

Barazani hoja hufungwa kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo inafaa mambo ya mtaa. Watu wakinong'ona kuhusu posa ya nyumba ya tatu, pengine posa ipo, kwa sababu wanaonong'ona wanawajua wahusika na wamemwona mshenga akiingia. Habari ya maiti za wageni katika kambi ya jeshi ya Marekani haina mshenga. Aliyetusimulia sisi amesikia kwa msimulizi, naye alisikia kwa mwingine, na ukiifuata kamba mpaka mwisho unamkuta mtu anayesema aliambiwa. Ndivyo ilivyokuwa hata Julai 2023, pale David Grusch, ofisa wa zamani wa upelelezi, alipokula kiapo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na kusema kwamba nchi yake ina mabaki ya vyombo na ya viumbe wasio binadamu. Barazani kiapo kile kilihesabiwa kuwa ushahidi. Lakini mwenyewe alisema hakuyaona. Alielezwa na watu aliowahoji. Machi 2024 ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayochunguza mambo hayo ikatoa ripoti kwamba haikukuta uthibitisho wowote. Mzee wangu atasema bila shaka ofisi hiyo ni ya serikali na serikali huficha. Sawa. Basi tuiweke pembeni ofisi hiyo, tuwaweke pembeni na Wamarekani kwa muda, tuje kwetu.

Februari 1951, asubuhi, ndege ya East African Airways ilikuwa njiani kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Mtaalamu wa redio akaona kitu cheupe kinachong'aa juu ya Kilimanjaro. Akamwonyesha rubani, rubani akawaonyesha abiria, na walikitazama kwa zaidi ya dakika 15 kabla hakijaondoka. Walikuwa watu wazima wenye akili zao, wawili kati yao wakiwa na kazi ya kuitazama anga kila siku. Siwaiti waongo. Na wala hawakuzibwa midomo: habari yao ilichapishwa na gazeti la Nairobi siku chache baadaye, chini ya serikali ya kikoloni iliyokuwa haioni taabu kufungia magazeti ya Waafrika. Walichokiona hakikutambulika. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kutotambulika maana yake ni kwamba hatujui. Huwezi kuanza na "hatujui" ukamalizia na "basi ni wageni kutoka nyota nyingine, na wakubwa wanajua." Katikati pamekosekana daraja, na daraja hilo hujengwa kwa vitu vya kushikika.

Mwaka uleule wa 1951 mwandishi wetu wa Tanga, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alichapisha Kusadikika, kisa cha nchi inayoelea angani. Nani kati yetu, alipokisoma shuleni, alidhani mwandishi anatoa habari za angani? Mhusika wake, Karama, anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na maarifa ya kuwafaa watu, wakaishia gerezani. Mtu wa Tanga aliitumia anga kusema juu ya watawala wa ardhini na maarifa waliyoyafungia. Sisi tunaokaa maili chache kutoka alikozaliwa tumegeuza: tunazitumia siri za watawala kusema juu ya anga.

Kuna wanaoleta hoja ya dini, nayo siipuuzi, kwa sababu ndiyo inayowagusa wengi hapa. Wanasema Mola tunayemsifu katika kila rakaa ni Mola wa walimwengu, si wa ulimwengu mmoja. Kwamba sisi watu wa pwani tumelelewa tukijua majini wapo. Itakuwaje basi tushangae kusikia viumbe wengine? Mimi pia naamini uumbaji ni mpana kuliko akili yangu. Huenda huko mbali kuna wanaoishi. Lakini upana wa uumbaji hauthibitishi kwamba kuna maiti katika jokofu la jeshi fulani. Hayo ni madai mawili, na moja halimbebi mwenzake.

Sasa nifike Katanga, maana mfano mkubwa kuliko yote umetoka kwa jirani zetu wanaozungumza lugha yetu hii. Agosti 1952 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliweka katika majalada yake habari iliyotolewa na gazeti la Vienna mwezi Machi mwaka huo. Ilisema visahani viwili vya moto vimeonekana juu ya migodi ya urani kusini mwa Kongo ya Wabelgiji. Kwamba kamanda wa uwanja mdogo wa ndege wa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, alivifukuza kwa ndege ya kivita. Kwamba baada ya robo saa vikapiga mluzi mkali na kwenda zao upande wa Ziwa Tanganyika. Karatasi hiyo leo iko wazi, na wapenzi wa visahani huitembeza kama hati ya nyumba: tazameni, hata CIA walijua! Walijua nini? Walijua kilichoandikwa na gazeti, ambalo mnunuzi yeyote wa Vienna alilisoma miezi mitano kabla yao.

Na sasa tazama kilichokuwa chini ya visahani hivyo. Katika jimbo hilohilo la Katanga kuna mgodi unaoitwa Shinkolobwe. Urani yake ilikuwa tajiri kuliko yoyote iliyokuwa ikijulikana duniani. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, aliamuru zaidi ya tani 1,200 za mawe yake zipelekwe New York kwa meli, zikawekwa ghalani Staten Island. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua kwa ajili ya bomu lake la siri, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile, hadi Hiroshima ikateketea tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka kwenye shimo lile. Jina la Shinkolobwe lilifichwa kama jina la mke wa sultani. Wakongomani waliovunja na kupakia mawe yale kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda wapi, wala yatafanya nini katika vifua na mifupa yao. Vita vilipokwisha Marekani iliendelea kuyanunua na kuyalinda, na mambo ya Kongo baada ya uhuru wa 1960, pamoja na damu ya Waziri Mkuu Lumumba, hayaeleweki vizuri kwa mtu asiyejua habari za mawe hayo na utajiri mwingine wa Katanga.

Hiyo ndiyo siri. Ilikuwa na wahusika, bei, meli, ghala, makaburi. Na ukiwauliza vijana kumi wa barazani kwetu, kisa cha visahani vya Kongo huenda ukakipata kwa wawili watatu waliokiona katika simu zao. Shinkolobwe usitaje. Hawajalisikia. Sina haja ya kudai kwamba visahani vilitungwa makusudi ili kuufunika mgodi. Inatosha kwamba vimeufunika.

Na siri ya bomu lenyewe inatufundisha kitu kingine. Ilikuwa siri iliyolindwa kuliko zote, ya nchi yenye nguvu kuliko zote, wakati wa vita, pakiwa na hukumu ya kifo kwa msaliti. Mwanafizikia Klaus Fuchs akiwa ndani ya mradi huo aliwapelekea Warusi michoro, na Agosti 1949, miaka minne tu baada ya Hiroshima, Warusi wakalipua bomu lao. Leo tunaambiwa tuamini kwamba siri iliyo kubwa mara mia kuliko hiyo imehifadhiwa tangu 1947, na Wamarekani, na Warusi, na Wachina, Waingereza, Wahindi na Wapakistani, watu wasioelewana hata juu ya mpaka wa kijiji, na kati yao wote asitokee mmoja wa kuivujisha ili kumuumbua mwenzake. Mzee wangu alifanya kazi reli. Anajua siri ya watu watatu stesheni ilikuwa inadumu siku ngapi.

Hata uongo wa Marekani kuhusu anga, ambao ni wa kweli na umethibitika, unanena upande wangu. Mei 1960 Warusi waliiangusha ndege ya upelelezi ya U-2. Serikali ya Eisenhower ikautangazia ulimwengu kwamba ni ndege ya utafiti wa hali ya hewa iliyopotea njia, hadi Warusi walipomtoa rubani, Gary Powers, akiwa hai. Mabaki yaliyookotwa Roswell, Marekani, mwaka 1947, yaliyozaa ngano zote hizi, yalikuwa ya puto lililoandaliwa kusikiliza majaribio ya nyuklia ya Warusi, na jeshi la anga halikulitaja hadi 1994. Kituo cha siri cha Nevada walichokikana kwa miongo walikikiri 2013: kilikuwa uwanja wa kujaribia ndege hizohizo za upelelezi. Wakati wote ule watu walipoona vitu angani na kusema ni wageni, wenye ndege walikuwa na sababu nzuri ya kutowasahihisha.

Huenda msomaji akanishika kwa watoto wa Zimbabwe, na afanye hivyo, kwa sababu kisa chao ndicho kizito kuliko vyote barani kwetu. Tarehe 16 Septemba 1994, shule ya Ariel huko Ruwa, watoto 62 walisema wameona chombo kimetua kando ya uwanja wao na viumbe wenye macho makubwa. Nimewatazama watoto hao katika filamu, na wengine wakiwa watu wazima. Hawaonekani kuwa wanadanganya, na mtu anayewacheka hana adabu. Lakini usiku wa tarehe 14, siku mbili kabla, kipande cha roketi ya Kirusi kilirudi katika anga na kuwaka moto mbele ya macho ya watu wa nchi nyingi za kusini mwa Afrika, na kwa siku mbili zile redioni na majumbani hapakuwa na habari nyingine. Watoto walihojiwa kwa makundi na mtafiti mwenye imani yake. Na ule ujumbe maarufu, kwamba wageni wamekuja kutuonya tusiiharibu dunia, ulitolewa zaidi mbele ya daktari John Mack aliyefika miezi miwili baadaye. Watoto waliona kitu, nini, sijui. Ninachojua ni kwamba hakikuacha hata ukucha.

Na hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu sisi watu wa Tanga tuna kipimo chetu cha mambo ya ajabu, tena kipimo hicho kimo baharini kwetu.

Wataalamu wa ulimwengu mzima walikuwa wakisema samaki anayeitwa silikanti alikwisha toweka tangu enzi za dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938 wavu wa meli ya uvuvi ya Afrika Kusini ukamleta juu mmoja, na Marjorie Courtenay-Latimer, mwanamke kijana aliyekuwa akitunza makumbusho madogo ya mji wa East London, akamtambua kuwa si samaki wa kawaida. Hakuwa mkubwa wa serikali. Alimchukua kwa teksi. Halafu, tangu 2003, wavuvi wa kwetu wanaotega majarife ya kina kirefu wakaanza kuwanasa: samaki wa buluu ya giza mwenye madoa meupe, mapezi yaliyokaa kama miguu, urefu karibu wa mtu, nyama ya mafuta isiyolika. Wamewaleta pwani kwa makumi. Walipimwa, walipigwa picha, walihifadhiwa, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Fikiri juu ya jambo hilo. Kiumbe aliyejificha katika giza la bahari kwa muda ambao hauhesabiki, ambaye hakuna serikali iliyomtafuta, alifichuliwa na nyavu za watu wasiolipwa mshahara. Samaki mmoja tu alitosha kuvunja kauli ya mabingwa wote. Hakikuhitajika kiapo wala ripoti ya siri. Alilazwa juu ya meza, mwenye macho akaona. Hali kadhalika kimondo cha Mbozi mkoani Songwe: tani kama 16 za chuma na nikeli zilizotoka angani kwa hakika, na zimelala wazi pale pale zilipoangukia, mtu anaweza kwenda kuzigusa kwa kiganja. Bahari ikiwa na ajabu huileta. Anga ikiwa na ajabu huiangusha. Wageni hawa tunaoambiwa wamekuja kwa maelfu tangu 1947 hawajatuachia hata gamba moja la kuwekwa mezani pale makumbusho, na mtu anayetaka niwaamini ananiomba nimpe heshima ambayo mvuvi wetu wa silikanti wa Kigombe hakuiomba.

Nibakishe neno juu ya nia zao, kwa sababu barazani kwetu hili huzungumzwa zaidi kuliko ushahidi. Wapo wanaosema wamefuata madini yetu, ndiyo maana walionekana juu ya urani. Wapo wanaosema watatutawala. Na wapo, hasa vijana waliochoshwa, wanaosema watatuokoa: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nyota iliyo jirani kuliko zote na jua letu iko umbali wa miaka minne na robo ya mwendo wa mwanga. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa 1977 na ambacho huenda kilomita 17 kila sekunde, kingelazimika kusafiri zaidi ya miaka 70,000 kuimaliza safari hiyo. Mwenye uwezo wa kuvuka umbali huo hana shida ya mawe ya Katanga. Chuma, nikeli na madini mengine yamezagaa katika vimondo na sayari ndogo ambazo hazina mwenyewe wa kupigana naye. Anayefuata madini ya Katanga ni mtu wa hapahapa duniani. Nia zote tunazowapa wageni hawa ni nia tulizokwisha kuzionja kwa binadamu wenzetu, na pwani hii ilizionja mapema.

Aprili 1498 jahazi la Vasco da Gama lililoitwa São Rafael lilikwama mchangani karibu na Mtangata, ile Tongoni yetu ya magofu na makaburi ya nguzo, kusini kidogo ya mji. Wenyeji waliwaendea na mashua mbili, moja imejaa machungwa, na Wareno wenyewe waliandika kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya kwao. Januari iliyofuata, wakiwa wamepukutishwa na kiseyeye, walirudi mahali pale na kulichoma jahazi hilo kwa kukosa mabaharia wa kuliendesha. Walikuja wakakwama, wakapokewa kwa machungwa. Mwaka 1505 wenzao walirudi wakaichoma Mombasa. Agosti 1888 wakaja Wajerumani na kampuni yao wakapandisha bendera Pangani, na Desemba 1889 Abushiri bin Salim alinyongwa palepale. Hakuna kilichofichwa katika nia za wageni hao kwa muda mrefu. Mikataba yao ipo, maandishi yao yapo, na vitabu vyao vya hesabu vipo.

Bibi yangu, aliyekulia zama za mkonge, alitukataza kulisogelea gari la zimamoto. Alisema ni la mumiani, linakusanya damu za watu. Nilipokua nilimwona mshamba. Sasa naona kwamba hofu yake, pamoja na kukosea, na pamoja na watu wasio na hatia waliopigwa kwa sababu ya uvumi ule, ilikuwa inamtazama mtu wa karibu. Ilimtazama bwana mwenye gari, mwenye askari, aliyewakusanya manamba kutoka mikoa ya mbali akawaingiza katika mashamba ya mkonge wakatoka wamebaki mifupa. Bibi alijua ni nani anayemnyonya, ila hakujua kwa mrija gani. Hadithi ya visahani inatupokonya hata hilo. Inatuambia mnyonyaji anatoka nje ya sayari, hana jina, hana ofisi, hawezi kushitakiwa.

Wazanzibari waliwahi kufanya vizuri kuliko sisi. Mwaka 1960 Waingereza waliwaruhusu Wamarekani kujenga kituo Unguja cha kufuatilia vyombo vya angani vya mradi wa Mercury, na John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962 alizungumza na watu wa kituo hicho. Watu hawakusema ni kituo cha wageni kutoka nyota. Waliuliza: nani ametia saini, kwa ruhusa ya nani, na je, tukichagua upande katika ugomvi wa wakubwa tutapigwa makombora? Vyama viligombana juu yake hadharani, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Karume ikaamuru kiondolewe. Huenda hofu ya makombora ilizidi kiasi. Maswali yalikuwa sahihi. Na Desemba 2024, pete la chuma la kilo kama 500 lilipoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Shirika la Anga la Kenya lilitoa taarifa baada ya siku mbili kwamba ni sehemu ya roketi. Mitandaoni watu walitaka liwe la wageni. Swali la kuuliza lilikuwa jingine: ni roketi ya nani? Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo inawajibika kwa madhara yake ardhini. Mtu wa Mukuku ambaye pete lile lingemwangukia nyumba angemhitaji mwenye roketi kwa jina.

Tuna zetu pia. Februari 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulitiwa saini hotelini London, na mbunge aliyeuliza kwa nini, Zitto Kabwe, akasimamishwa na Bunge Agosti mwaka huo. Hadi mapema Mei 2020 tulikuwa tumetangaziwa wagonjwa 509 wa korona na vifo 21, kisha hesabu ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mzima, na tulioenda makaburini miezi ile tulihesabu wenyewe. Oktoba 2022 mkataba wa bandari na Dubai ulisainiwa; wengi wetu tulikuja kuusikia katikati ya 2023, ulipokwisha kupelekwa bungeni. Na hapa nyumbani, Chongoleani, ndipo linapoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Nimekaa katika baraza letu miaka yote ya mradi huo. Nimesikia habari za visahani, za Frimasoni, za wanajeshi wa Marekani waliolala na maiti za kijani. Sijamsikia mtu hata mmoja akiuliza masharti ya bomba lile yanasemaje, mafuta yakimwagika nani atawalipa wavuvi, na silikanti wetu watakuwa wapi.

Mzee wangu, wewe ulisema tunafichwa, na ulisema kweli. Basi tuanze na tunayoweza kuyadai. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa kila raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma na kuomba taarifa iliyonayo, na inaipa ofisi hiyo siku 30 za kujibu. Nitakuja barazani Ijumaa baada ya isha na karatasi na kalamu. Nakuomba uwe wa kwanza kutia jina lako chini ya barua ya kuuliza masharti ya bomba la Chongoleani, na fundi awe wa pili.